Fundi Chomeka na Bawabu Wake

Pale kiwandani kwao, ukitaka kuingiza flashi kwenye kompyuta, lazima upige kelele kwanza.

Siyo kelele ya hivi hivi. Unasema "Nachomeka!" kwa sauti ya kufika chumba cha nyuma, halafu unasubiri huku flashi umeishika hewani. Kule nyuma, katikati ya nyaya na kompyuta zilizopasuliwa matumbo, mwanamume mmoja mwenye kitambi cha adabu anatupia jicho skrini yake na kujibu, "Karibu!" Hapo ndipo unachomeka. Wateja waliokuja kuchapisha kadi za mialiko walidhani ni utani wa wafanyakazi. Haukuwa utani, ilikuwa sheria, na aliyeitunga ndiye huyo wa chumba cha nyuma. Jina lake la kuzaliwa lilishasahauliwa na kila mtu isipokuwa mama yake na benki. Wenzake wanamwita Fundi Chomeka.

Na kusema kiwanda ni kukipa heshima tu. Ni vyumba vichache nyuma ya duka la rangi: mbele kaunta, katikati meza za wapangaji kurasa, pembeni mashine za kuchapa ambazo zikianza kazi hata saa ya ukutani inacheza. Mwenyewe ni mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa na moyo mwepesi kuliko sauti yake, wanayemwita Bosi. Tangu mwanzo Bosi alimwachia Fundi aweke mfumo wa Linux kwenye kompyuta zote, akasema yeye hajali kinachoendesha mashine ili mradi karatasi zinatoka zimenyooka.

Enzi zile kazi ilikuwa kazi. Ukichomeka printa, kompyuta inakukodolea macho kama hujafanya kitu. Fundi alikuwa hana budi kukaa chini na kuiambia kwa mkono: hii ni printa, imeingilia mlango huu, ukitaka kusema nayo sema hivi. Kutwa nzima alikuwa akiitambulisha mitambo kwa mitambo, mpaka usiku anaota nyaya. Kisha ikatokea programu moja, mtumishi anayekaa macho muda wote nyuma ya pazia. Kazi yake ilikuwa kulinda milango ya kompyuta: kitu kikiingia, anakitazama, anakijua, kisha anazipasha habari programu nyingine zote. Fundi akambatiza jina la Bawabu. Siku alipomwasha mara ya kwanza, alichomeka kamera ya Bosi, na picha zikajitokeza zenyewe kwenye skrini bila mtu kugusa kitu. Watu walipiga makofi. Bosi akasema hata mumewe hajawahi kumtambua upesi namna ile.

Bawabu alikuwa na kasoro moja tu. Vitu viwili vikiingia kwa mpigo, alikuwa anapigwa na butwaa, anazima kimyakimya, na kazi yote inalala. Ndiyo maana ikazaliwa sheria ya kupiga kelele, kimoja kimoja, na Fundi ndiye mwenye kuruhusu. Miaka ikapita, watu wakaizoea, na Fundi naye akajizoea kuwa mtu ambaye hakuna kitu kinaingia mahali bila yeye kujua.

Tabia ya kazini haibaki kazini. Fundi alikwenda nayo mpaka nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na mama yake. Bibi huyu alikuwa ameishi peke yake ng'ambo ya mji, kwenye nyumba yake ndogo yenye ngazi mbili mlangoni, akifuma vitambaa vya meza na kugombana na jirani yake kwa raha zake. Kisha macho yakaanza kuingia ukungu. Alificha, kama wazazi wanavyojua kuficha, mpaka siku Fundi alipokwenda kumwona akamkuta amekaa chini, chini kabisa, kwenye ngazi ya pili iliyokuwa imemeguka, goti linatoka damu, na hajui hata ni nani aliyesimama mbele yake. "Nani huyo?" aliuliza, akinyoosha mkono. Fundi hakuwahi kumsimulia mtu yeyote jinsi swali lile lilivyomchoma. Alimbeba siku hiyo hiyo akamleta kwake, na ile ngazi akaijenga upya kwa mikono yake mwenyewe, ingawa hakukuwa tena na mtu wa kuipanda.

Tangu hapo yeye ndiye akawa macho ya mama. Mgeni akifika getini, Fundi anatangaza: "Mama, amekuja dada, yuko na mwanawe mdogo." Chai ikiletwa: "Mama, kikombe kiko mkono wa kulia." Wakitoka nje: "Mama, kizingiti." Na bibi alikuwa akijibu neno moja lile lile, kwa upole, "Nimesikia, baba."

Hilo lilikuwa jambo jema, na hapana wa kumlaumu. Ila baadaye bibi alipelekwa hospitali, akatolewa mtoto wa jicho, jicho moja kwanza, kisha la pili. Daktari alimfungua bandeji akamwambia sasa ataona mpaka mambo ambayo hataki kuyaona. Familia nzima ikashangilia. Fundi alilia pale pale kwenye korido bila kujificha. Halafu walipofika nyumbani, bibi akiwa ndiyo kwanza anauinua mguu kuingia ndani, Fundi akasema, "Mama, kizingiti."

"Nimesikia, baba," bibi akajibu.

Na ikaendelea hivyo. Wageni wakatangazwa, vikombe vikatajwa mahali vilipo. Akiwa kazini, Fundi alikuwa anapiga simu asubuhi, mchana, na katikati ya asubuhi na mchana. "Mama, uko wapi? Umekaa au umesimama? Kuna mtu amekuja?" Bibi anajibu yote. Lakini mara kwa mara, simu ikikaribia kukatwa, alikuwa anaongeza, "Baba, mimi nataka kurudi kwangu." Fundi anaguna, anasema watazungumza jioni, na jioni hawazungumzi. Kila akiwazia nyumba ile alikuwa anaiona ngazi ya pili, na mkono ule ulionyooshwa, na lile swali. Hakuwa tayari kumpeleka mama yake mahali ambapo hakuna wa kumwambia nani amefika.

Mambo yalikuwa hivyo Bosi alipomleta Injinia.

Alikuwa dada mmoja mrefu, mpole, mwenye viatu visivyotoa sauti, kiasi kwamba watu walikuwa wakigeuka wanamkuta amesimama. Kazi yake ilikuwa kushirikiana na Fundi kuziwekea kompyuta zote mfumo mpya, maana ule wa zamani ulikuwa umechoka. Walifanya kazi pamoja vizuri. Fundi alimpenda kwa sababu alikuwa anakunja kebo vizuri, na mtu anayekunja kebo vizuri, kwa Fundi, hana dhambi kubwa. Mpaka asubuhi moja Injinia alipoinua uso kutoka kwenye skrini.

"Fundi, samahani. Huyu Bawabu bado tunamhitaji?"

"Tunamhitaji kivipi? Ndiye anayetambua vitu."

"Kwenye mfumo huu mpya hawakumweka. Nimekuta wewe umemrudisha kwa mkono, kompyuta zote."

"Walisahau," Fundi alisema. "Hawa watu wa siku hizi wanasahau mambo."

Injinia hakucheka, na hiyo ilikuwa hisani kubwa. Alivuta kiti. "Hawakusahau, Fundi. Siku hizi kiini cha mfumo chenyewe ndicho kinachoona. Kitu kikigusa mlango tu, kiini kimeshajua. Kuna karani wake mdogo anakipa jina na kukiweka mahali pake, na skrini inapata habari hapo hapo. Bawabu anakuja baadaye, anawatambulisha watu walioshasalimiana."

"Na hicho kiini kikikosea? Kikiona kivuli?"

"Hata Bawabu habari anazipata kwa kiini hicho hicho. Hana macho yake mwenyewe."

Hapo Fundi alikunja sura. Mtu anaweza kumvumilia mwenzake kwa mengi, lakini siyo kumwambia kwamba bawabu wake wa miaka yote ni msikilizaji wa habari za wengine. "Dada yangu," alisema, "mimi hizi kompyuta nazijua tangu hazijui hata kipanya ni nini. Bawabu anabaki."

"Sawa, Fundi," alisema Injinia. Baada ya kitambo akaongeza, "Unaisikia hiyo droo ya CD?"

Fundi akasikiliza. Kompyuta yake ilikuwa na droo ya CD ya zamani, na droo ile ilikuwa na tabia ya kugunaguna. Kr, kr. Inanyamaza kidogo. Kr, kr. Taa yake ndogo inakonyeza. Alikuwa ameisikia miaka yote kiasi kwamba alikuwa haisikii tena.

"Imezeeka tu," alisema.

"Haijazeeka. Ni Bawabu anaiuliza kama kuna kitu ndani. Kila mara. Hata usingizi haipati."

"Kuuliza siyo vibaya," Fundi alijibu, akachukua simu kumpigia mama yake.

Basi Bawabu akabaki, na hapa ndipo mkasa unapoanzia. Mfumo mpya ulikuwa unaviona vitu wenyewe, kama Injinia alivyosema, na unaweka alama kwenye skrini. Bawabu naye alikuwa anaviona, kwa kuchelewa kidogo, na ile programu aliyoitengeneza Fundi zamani ikaweka alama yake. Kwa hiyo ukichomeka flashi moja, zilikuwa zinatokea mbili, pacha, jina moja, zimekaa ubavu kwa ubavu. Fundi akawaambia watu wasiwe na wasiwasi, bora mbili kuliko patupu. Watu wakazoea. Wafanyakazi wa pale, baada ya ile sheria ya kelele, walikuwa wanaweza kuzoea chochote.

Asiyezoea alikuwa mmoja, mpangaji kurasa waliyemwita Nadhifu, kwa sababu hakuwa. Nadhifu alikuwa likizo wakati wa mageuzi haya yote, hakusimuliwa, akarudi kazini siku ambayo kuna haraka. Mwalimu mkuu wa shule moja ya chekechea alikuwa amesimama kaunta, ameleta picha za mahafali za watoto wake wote, kila mtoto na joho lake la bluu, zitengenezewe kijitabu cha wazazi. Picha zilikuwa kwenye flashi. Nadhifu akapiga kelele, "Nachomeka!", akajibiwa, "Karibu!", akachomeka. Flashi mbili zikatokea.

Nadhifu akafungua ya kwanza, watoto wote wamo. Akafungua ya pili, watoto wale wale. Akasonya. Likizo ilikuwa imempa ari mpya ya usafi wa kompyuta, ari ambayo mezani kwake haijawahi kufika, akajiuliza ni mvivu gani alinakili picha za wateja ovyo na kujaza nafasi. Basi akaziteua zote za kwenye ile alama ya pili, akazifuta moja kwa moja, akapangusa mikono. Kisha akarudi kwenye ya kwanza aanze kazi. Ilikuwa tupu, nyeupe, hakuna hata mtoto mmoja, maana alama zote mbili zilikuwa za flashi ile ile moja.

Sauti aliyoitoa haikuwa "Nachomeka".

Fundi alitoka mbio chumba cha nyuma. Injinia alikuwa ameshafika, kwa vile viatu vyake. Bosi alikuja pia, na mwalimu mkuu akainama juu ya kaunta kuona kulikoni. Alipoelezwa, aliufunika mdomo kwa kiganja. "Watoto wangu," alisema. Alikuwa anazungumzia picha, lakini alivyosema kila mtu pale alihisi vibaya, na Nadhifu alikaa chini bila kutazama kama kuna kiti. Kilikuwepo, bahati yake.

Tusimtie msomaji roho juu bure: mpiga picha alikuwa bado hajazifuta kwenye kamera yake, akapigiwa simu, na baada ya chakula cha mchana akaja nayo mwenyewe. Mwalimu mkuu alicheka mwishoni, akasema kule chekechea ameona makubwa kuliko hayo. Kijitabu kikatoka, majoho ya bluu yakawa ya bluu. Lakini kabla ya hapo, wakati bado wanasubiri na hakuna anayejua kamera ina nini, Bosi alimgeukia Fundi. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, na ndogo ilikuwa mbaya zaidi.

"Fundi. Hicho kitu chako kinachotuonyesha jambo moja mara mbili, faida yake ni nini?"

Fundi alifungua mdomo. Miaka yote alikuwa na jibu. Alilitafuta pale lilipokuwa linakaa siku zote, akakuta halipo.

Alasiri, mteja alipokwisha kwenda, Fundi alimwita Injinia chumba cha nyuma. "Mzime," alisema, bila kumtazama. "Kwenye yangu kwanza. Tuone."

"Nimzime mimi au wewe?"

Fundi akavuta kibodi, akaandika mwenyewe amri ya kumzima, akakaa kidogo kidole kikiwa juu ya kitufe. Akabonyeza. Hakukutokea kitu, si mshindo wala malalamiko. Halafu akaanza kuchomeka. Alichomeka flashi, ikatokea moja, peke yake, inang'aa. Alichomeka printa, ikajitambulisha kwa jina na ukoo. Akachomeka skana, akachomeka kamera ya yule mpiga picha. Akazidi kupandwa na hamaki, akapekua maboksi ya chini mpaka akapata printa moja kikongwe iliyokuwa imestaafishwa kwa heshima zote, akaifuta vumbi, akaichomeka kwa ukaidi mtupu. Kompyuta ikaitambua kabla hajainua mkono. Mwisho akachukua flashi mbili, moja mkono huu na nyingine mkono ule, akazisukuma kwa mpigo mmoja. Zote mbili zikatokea, kila moja mahali pake.

Fundi akaegemea kiti. Kulikuwa na kitu hakiko sawa chumbani, akageuza kichwa kukitafuta.

"Mbona kimya hivi?"

"Droo ya CD," Injinia alisema. "Imelala."

"Imeharibika?"

"Hapana, Fundi. Hakuna anayeiuliza tu."

Fundi aliitazama ile taa ndogo ya droo, haikukonyeza. Alikuwa na uchungu, tusimfiche. Alijiona kama mtu aliyesimama mlangoni miaka na miaka akiwafungulia watu, kisha anageuka na kugundua kwamba ukuta wa nyuma yake umeshavunjwa zamani na watu wanapita wanavyotaka. Lakini chini ya uchungu ule kulikuwa na jambo jingine linamwasha, na halikuhusu kompyuta. Alitoa simu mfukoni, ulikuwa wakati wake wa kumpigia mama. Aliitazama, akairudisha mfukoni.

Jioni alifika nyumbani, akamkuta mama yake sebuleni kwenye kiti chake cha dirishani, anafuma kitambaa cheupe kwa uzi mwembamba. Fundi alisimama akakitazama kitambaa kile. Kilikuwa kimefika karibu nusu, na maua madogo madogo pembeni, hakuna hata tundu moja lililoruka. Hakukumbuka kuona kinaanzwa. Alikuwa amekaa nacho nyumba moja, jioni baada ya jioni, akitaja vikombe viko mkono gani.

Geti likalia. Kupitia dirishani Fundi alimwona dada yake mkubwa anaingia uani. Maneno yakapanda yenyewe mpaka mdomoni, Mama, amekuja dada, na Fundi akayameza. Mkewe, aliyekuwa anapanga vikombe, aliganda na sahani mkononi akimwangalia mumewe kama anaumwa. Fundi akatazama ukuta. Jasho lilimtoka.

Bibi hakuinua hata kichwa chote. "Dada yako huyo," alisema. "Na kavaa viatu vya binti yake tena. Tazama anavyotembea, vinambana huyo."

Dada aliingia, akawasalimu, akakaa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuvua viatu na kusugua vidole. Mke wa Fundi aliinamia sahani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Mama," Fundi alisema polepole. "Umemwona kutoka wapi?"

"Kutoka pale kwenye kona, kabla hajafika getini."

"Tangu lini unaona mpaka kwenye kona?"

Dada akaacha kusugua vidole. Bibi akaiweka sindano yake juu ya paja.

"Tangu siku ile ya bandeji, baba."

"Baba watoto," mkewe akaingilia kwa upole, "kwani hujui? Mama ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano siku hizi. Mimi ndiye nisiyeona."

"Na mbona hamkuniambia?"

Alikuwa amepandisha sauti bila kukusudia, na akaona haya papo hapo. Bibi hakukasirika. Alimtazama mwanawe, akamtazama sana, kuanzia juu mpaka chini.

"Nilikuona umeota mvi," alisema. "Siku ile ile, hospitalini. Nilikuacha kijana, ukungu ukaingia, ulipotoka nikakuta mzee amesimama analia koridoni. Nikajua hizo mvi ni za kwangu. Sasa ukaniambia kizingiti, na mimi nakiona kizingiti, kiko pale pale. Nikasema moyoni, mwache aseme. Amesema kwa miaka mingi nikiwa sioni, nikimnyamazisha leo atauweka wapi mdomo?"

Dada alicheka huku anajifuta machozi. Fundi hakucheka. Alikuja akapiga magoti kando ya kiti cha mama yake, mtu mzima na kitambi chake.

"Ni ile ngazi, Mama," alisema. "Nilikukuta pale. Uliniuliza mimi ni nani."

"Najua."

"Naogopa."

"Najua, baba. Hata mimi niliogopa." Alimshika kichwa, pale penye mvi. "Lakini sasa nakujua wewe ni nani. Nipeleke kwangu."

Fundi akasema, "Sawa, Mama." Neno hilo lilimtoka kwa shida kuliko amri yoyote aliyowahi kuandika.

Wiki hiyo hiyo walimhamisha. Kiwandani nako Bawabu alizimwa kwenye kompyuta zote, moja baada ya nyingine, na Fundi alifanya mwenyewe. Injinia hakusema lolote la ushindi, na Fundi akazidi kumheshimu. Nadhifu alipewa kazi ya kunakili picha za wateja kabla ya kugusa chochote, adhabu aliyoipenda kwa sababu ilimpa nafasi ya kusonya. Droo za CD zikalala zote. Kitu kimoja tu hakikuondoka. Siku iliyofuata mfanyakazi mmoja alisimama na flashi mkononi, akakumbuka kwamba hakuna tena sheria, akababaika, akaangalia huku na huku. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama. Injinia ndiye aliyemwokoa. "Nachomeka!" alipaza sauti kutoka mezani kwake, hata hakuwa na kitu cha kuchomeka. Kutoka chumba cha nyuma ikaja sauti iliyokwaruza kidogo: "Karibu!" Mpaka leo wanafanya hivyo, na wateja bado wanadhani ni utani, na sasa dhana yao inakaribia kuwa kweli.

Jumapili Fundi alikwenda ng'ambo ya mji kumwona mama yake. Hakuwa amempigia simu tangu jana yake, alijizuia, na kujizuia kule kulimfanya atembee haraka. Njiani alinunua machungwa, akakutana na mtu anayemfahamu, hakusimama. Alipokunja kona aliiona nyumba, dirisha liko wazi, pazia limefungwa fundo kando, na sauti ya mama yake inatoka ndani, anamsimulia jirani kwa raha zote, hana habari ya kushusha sauti.

"Anakuja mwanangu. Yule pale. Kabeba machungwa, mfuko unachanika huo, ataona. Kanyoa vibaya, sijui kamnyoa nani. Na kamba ya kiatu cha kushoto imefunguka."

Fundi akatazama chini. Ilikuwa imefunguka kweli. Aliinama akaifunga, pale pale barabarani, bila kuona haya. Akaunyanyua mfuko, akaukumbatia kwa chini usichanike, akavuka ua.

Alipofika mlangoni mama yake alikuwa ameshatoka, amesimama juu, mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango, anamwangalia.

"Ngazi ya pili, mwanangu," alisema. "Uliijenga juu mno."

"Nimesikia, Mama," Fundi alisema, akainua mguu.